Bata wa Ng'wana Mahona

12 Novemba 1956, Jumatatu

Mayunga, ukija leo mbwa atakubwekea, na mimi sitamzuia. Ulisema utakuja mvua zikianza. Zimeanza wiki iliyopita, mtaro umejaa, vyura hawanyamazi, wewe hupo. Najua huko machimboni kuna mkataba. Mkataba ulikuzaa? Mtoto wako tulimzika mwezi wa nane, watu walikuja kutoka Sapiwi kwa miguu, wewe ukatuma salamu. Mkeo alikaa pale kwenye kizingiti siku nzima akiangalia njia ya Bariadi, mpaka nikamwambia aingie ndani maana jua litamuua na yeye.

Sasa nimeona niandike. Shule sikuingia hata uani kwake, unajua. Herufi alinipa Athanasi, mwalimu wa dini, nilipokuwa najifunza ubatizo nami nina mvi tayari. Kwa hiyo ukiona neno limepinda, linyooshe mwenyewe. Siku ukija utakaa kwenye kigoda changu na utasoma yote, hata yatakayokuchoma.

La kwanza ni hili. Mkeo hali. Anapika, anachota maji, analima, lakini chakula anakigusa kama mtu anayepima joto lake. Jioni anakunja kanga zake, anazipanga, anazikunja tena. Mimi nimeolewa, nimeozesha, najua mwanamke anayekunja nguo hivyo anafikiria njia ya kwao.

Leo mama yake, Domitila, ameleta mayai ya bata kutoka Lamadi, manane, ndani ya kikapu cha pumba. Hakusema mengi. Alimwambia binti yake, "Uwalee hawa." Alipoondoka, mkeo akaniita mama, akaniuliza swali la kwanza tangu msiba: "Mayu, yule kuku mwekundu bado anaatamia?"

Nikamjibu anaatamia. Moyoni nikasema, hawa bata wakiishi, huyu atakaa. Wakifa, atakwenda kwao, na utakuja kukuta nyumba ya bibi kizee peke yake.

13 Novemba

Kuku mwekundu amepewa mayai. Ameyakubali yote, mjinga yule, hata ukubwa hakuuliza.

21 Novemba

Tumelima sehemu ya juu, ya mbegu za pamba. Mgongo.

2 Desemba, Jumapili ya kwanza ya Majilio

Baada ya misa Pelagia amenishika mkono pale nje. Unamjua jirani yetu, akikohoa kijiji kizima kinajua ana kikohozi.

"Nasikia kuku wako ameolewa Lamadi," akasema.

"Kuku wangu anafanya kazi. Wako umemla supu."

"Akiwatotoa atawafundisha nini? Kuchakura ziwa?"

Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Kisha akasogea akasema kwa sauti ya chini kwamba vitu vya ziwani haviletwi nyumba yenye msiba mpya, kwamba wazee wa zamani wasingekubali. Nikamwambia wazee wa zamani wamekufa na bata hawajawaua. Lakini nilivyokuwa narudi nilikuwa nawaza. Ng'wana Mahona alikuwa anatembea nyuma yangu. Namwita hivyo, binti wa Mahona, tangu ulipomleta. Jina lake la Benadetha nimemwachia padri. Hakuwa chaguo langu, hilo nalo unalijua. Watu wa samaki, nilisema, watalima pamba na nini?

10 Desemba

Mvua mchana kutwa. Nimebangua karanga.

17 Desemba, Jumatatu

Wametoka. Saba. Yai moja lilikuwa viza.

Mwanangu, sijawahi kuona kitu kibaya kinachopendeza hivyo. Manjano yenye madoa meusi, na midomo kama mwiko mdogo wa ugali. Mkeo alipiga magoti karibu na kiota akawahesabu kwa kidole, halafu akawahesabu tena. Nikamwuliza kama anadhani wataongezeka. Akatabasamu. Upande mmoja tu wa mdomo, lakini nimeuona.

19 Desemba

Tumepoteza mmoja.

Kuku aliwatoa nje asubuhi, mvua ilipopumzika. Dimbwi lile karibu na zizi wakaliona, wakaingia wote kama watu wanaokwenda sokoni. Kuku akabaki kando anapiga kelele, mabawa yamevimba. Mimi nikasema waache, hao ni bata, maji ni kwao. Ng'wana Mahona akatupa jembe akaja mbio, akaingia dimbwini na nguo zake, akawatoa mmoja mmoja ndani ya kanga. Yule mdogo kabisa alikuwa amelowa mpaka kwenye ngozi. Alitetemeka mikononi mwake, akafa kabla moto haujawaka vizuri.

Nikasema, "Bata gani anakufa kwa maji?"

Akaniambia, "Mayu, bata mdogo hana mafuta ya kwake. Mama yake ndiye anayempaka, akimlalia. Hawa wamelaliwa na kuku. Maji yanaingia moja kwa moja."

Sikulijua hilo. Nimefuga kuku na ng'ombe na mbuzi na watoto, hilo sikulijua. Nikamwambia basi wakae ndani mpaka waote manyoya. Akasema ndivyo alivyotaka kuniomba, ila aliogopa nitasema nyumba yangu si ya ndege.

Ningesema hivyo kweli. Wiki moja iliyopita ningesema.

20 Desemba

Leo ametengeneza mahali pao, na mimi nimemtazama kama mtu anayetazama fundi.

Amechukua lile sanduku la sabuni la dukani, akaliweka karibu na mafiga lakini si karibu sana. Chini akamwaga mchanga wa mtoni alioukausha juani, kiasi cha vidole vitatu. Pembeni akaweka mawe mawili aliyoyapasha, moja likipoa anabadilisha na jingine. Maji yao ameyaweka kwenye kigae, na ndani ya kigae akapanga kokoto, ili waingize mdomo na pua wasafishe, lakini mwili usiingie. Nikamwuliza kwa nini mchanga, mchanga ni baridi, kwa nini asiweke majani. Akasema majani yanashika unyevu, yanaota ukungu, wanapumua ule ukungu wanakufa. Mchanga unakauka, na kinyesi unakichota kama unavyochota majivu.

"Nani alikufundisha?"

"Bibi yangu. Kwetu bata wanaingia ndani kuliko wageni."

Nikacheka. Na yeye akacheka, Mayunga. Kwa sauti. Akashtuka akaziba mdomo kama aliyeiba.

25 Desemba, Noeli

Hukuja. Nilichinja jogoo kwa ajili yako, tumemla sisi. Mkeo alikula paja lote na akalamba kidole. Basi kuku huyo hakufa bure.

2 Januari 1957

Nyumba inanuka bata. Nguo zangu zinanuka bata. Kanisani Lukresia mke wa mwalimu wa dini alihamia benchi lingine.

5 Januari

Kumbikumbi wametoka jana jioni. Ng'wana Mahona aliwakusanya sufuria nzima, akawapa wale sita. Walikula mpaka wakawa hawatembei sawasawa, wanaanguka kifudifudi na bado wanafungua mdomo. Mmoja mwenye doa jeusi juu ya jicho ananifuata. Nikikaa, anapanda mguuni. Nimemwambia mkeo huyu ni wangu. Akasema, "Chukua, mayu, lakini wa kwako ndiye mwizi wao."

Jioni hakukunja kanga.

9 Januari, Jumatano

Mvua siku tatu mfululizo na upepo wa baridi. Kuta zinatoa jasho.

Dada yake aliyeolewa Sapiwi amejifungua. Ujumbe umefika leo, wanamwomba mkeo aende amsaidie siku chache. Sikumhimiza, maana sikujua mtu aliyezika wake miezi mitano iliyopita atambebaje wa mwenzake. Yeye akakaa akiangalia sanduku. Kisha akasema atakwenda.

Huo ni moyo mkubwa. Mimi nisingekwenda. Naandika hapa kwa sababu mdomoni sikumwambia. Nilimwambia tu achukue mwavuli.

Kabla ya kuondoka akanionyesha kila kitu upya, kama mimi ni mtoto. "Mayu, mchanga ukilowa uondoe ule wa juu uongeze mkavu, uko kwenye debe. Mawe yabadilishe. Usiwafunike juu, wanahitaji hewa. Usiwawekee kitu kingine chini."

Nikamwambia, "Nimelea watoto wanane kabla hujazaliwa."

Akasema, "Ndiyo, mayu." Akaenda.

10 Januari

Baridi imezidi. Mchanga kwenye debe umeshika unyevu, nikiufinyanga unashikana. Bata wamejikusanya wanalia. Nimekaa karibu nao nikawaonea huruma mno.

Ninalo gunia la pamba fifi, ile yenye madoa ambayo mnunuzi aliirudisha. Niliiweka kwa ajili ya mito. Nikasema, sisi watu wa pamba tunalazaje viumbe juu ya mchanga kama maiti? Nimetoa mchanga wote, isipokuwa kona moja chini ya kigae cha maji ambako nilichoka kuinama. Nimeichambua pamba kwa vidole mpaka ikawa kama povu, nimewajazia sanduku, na juu nimefunika kwa kanga yangu ya zamani. Walipotea ndani yake, vichwa tu vinaonekana. Kelele zikaisha.

Nimejisikia vizuri. Nasema kweli, nimejisikia kama nilivyojisikia nilipokuwa nakufunga wewe mgongoni.

11 Januari

Wamelala. Wametulia sana.

13 Januari, Jumapili

Nitaandika polepole.

Jana asubuhi niliinua kanga nikakuta wawili hawasogei. Nikasema ni baridi, nikaongeza pamba. Mchana wakawa wanne. Mmoja alikuwa anavuta mguu, nikadhani amevunjika, nikamfunika vizuri zaidi. Leo alfajiri alikuwa amekufa na yeye. Watano. Wa kwangu, yule mwizi, nilimkuta amekaa nje ya pamba, kwenye kile kipande cha mchanga chini ya kigae, anatetemeka lakini yuko hai.

Sikwenda misani. Nilikaa nikiwaza nitasema nini.

Ng'wana Mahona alirudi saa ya chakula, amelowa, uso una nuru. Alisema, "Mwangaluka, mayu," ingawa asubuhi ilikuwa imepita, akaanza kuniambia mtoto wa dada yake ana sikio kama la babu yao. Alimshika, akasema, siku zote tatu alimshika. Akawa bado anacheka alipofika kwenye sanduku.

Mimi nilikuwa nimewapanga wale watano kwenye ungo.

Hakulia. Aliuliza tu, "Mayu, hiki ni nini chini?"

Na mimi, Mayunga, mimi niliyekuwa na aibu mpaka kwenye kucha, sikusema "nimekosa." Aibu ilinitoka kinywani ikiwa hasira. Nilisema, "Uliwaacha. Ulijua ni wadogo ukawaacha ukaenda kubeba mtoto wa watu. Kila unachokishika kinakufa."

Nilisema hivyo. Hivyo hivyo nilivyoandika. Usidhani nimepunguza.

Alisimama. Mvua ilikuwa inapiga paa na mimi nikatamani ipige zaidi ili maneno yasisikike, lakini yalikuwa yameshasikika. Kisha akakaa chini karibu na ungo, akamchukua wa kwanza, akafungua mdomo wake kwa kidole kidogo. Akavuta. Ikatoka pamba. Uzi mrefu, umelowa, ukaendelea kutoka, ulikuwa umejaa mpaka kwenye kile kifuko cha chakula shingoni. Akauweka kwenye jiwe la figa. Akamchukua wa pili, akavuta. Yule wa kuvuta mguu alimgeuza akanionyesha: nyuzi zimezunguka vidole na mguu, zimekaza mpaka nyama imekuwa nyeusi. Mguu haukuvunjika. Niliufunga mimi.

Aliviweka vile vipande vya pamba vitano kwenye mstari juu ya jiwe, akanawa mikono, akaenda kwenye kanga zake.

Nilitaka kumwita. Nilifungua mdomo nikaita, "Ng'wana Mahona," na nikasikia mwenyewe kwamba miaka yote hii nimekuwa nikimwita binti wa mtu mwingine. Hakugeuka.

14 Januari

Ameondoka kulipokucha. Alifagia kwanza. Mtungi ameujaza.

15 Januari

Mvua.

19 Januari

Nimechoma gunia lote la fifi. Pelagia alikuja kwa sababu ya moshi. Nilitegemea atasema yale yake ya vitu vya ziwani na nyumba ya msiba. Nikamwambia habari yote kabla hajaisikia kwingine, na yale maneno pia. Akakaa chini kando ya moto, Pelagia yule. Mwisho akasema, "Ndugu yangu, ningekuwa mimi ningeweka pamba hiyohiyo."

"Na yale maneno?"

"Hayo hapana," akasema.

Kisha akaenda mtoni na debe langu, akaniletea mchanga kichwani, na magoti yake yale. Tukaukausha juu ya kikaango kwa sababu jua hakuna.

28 Januari

Bata mmoja akiwa peke yake analia mchana kutwa. Nimemwekea kioo kile cha kwako cha kunyolea. Anakaa mbele yake, anajisemesha.

4 Februari

Palizi. Pamba imetoka vizuri mwaka huu. Siwezi kuiangalia.

11 Februari

Tangu jana najiuliza kuhusu mwezi wa nane. Mtoto alipokuwa na homa, mkeo alisema tumpunguzie nguo, tumpeleke zahanati. Tulimpeleka, hilo tulifanya. Lakini njiani nilimfunika mimi, mablanketi mawili, na yeye akawa anafunua, nami nafunika. Daktari alisema ni malaria ya kichwani, ingemchukua vyovyote. Nimemwamini. Ila sasa najua mkeo alipoona ile pamba kwenye sanduku aliona nini. Na hakuniambia. Angeweza kuniambia. Mimi nilimwambia.

19 Februari

Nimekwenda Lamadi.

Usishangae, najua si kawaida. Mke akirudi kwao anafuatwa na mumewe na wazee, hafuatwi na mama mkwe aliyemkimbiza. Lakini mume hayupo, na mzee aliyebaki ni mimi. Nilipanda lori la duka, juu ya magunia, bata nimemweka kikapuni kwenye mchanga. Watu wakauliza nakwenda kuuza. Nikasema ninarudisha.

Domitila alinipokea vizuri mno. Alinipa kiti, akanipa sato na ugali, akauliza habari za mvua na za ng'ombe. Alikuwa na adabu kama mlango uliofungwa. Mahona mwenyewe alisema mwadila, salamu ya mchana tu, akaenda kwenye nyavu zake.

Binti yao alikuja akapiga magoti akanisalimu. Amenenepa kidogo. Nilikuwa nimejipanga njia nzima, Mayunga, nimeyarudia maneno mpaka utingo akadhani nasali. Yote yakanipotea. Nilisema tu, "Benadetha, nilikosa mimi. Si wewe. Hakuna ulichokiua."

Akaangalia chini. Nikafungua kikapu. Bata akatoa shingo akamwangalia, akapiga kelele yake ile ya njaa. Mwizi kweli. Nikasema, "Nimekuletea wako."

Akamgusa kwenye bawa, pale manyoya ya kweli yanapoanza. Muda mrefu. Halafu akafunika kikapu, akanirudishia.

"Wewe umlee, mayu," akasema. "Anakula vizuri?"

"Anakula."

"Bado yuko juu ya mchanga?"

"Mchanga mkavu. Naukaanga."

Akatikisa kichwa kukubali. Hapo ndipo yalipoishia. Domitila alinisindikiza mpaka barabarani na samaki wakavu watatu. Sijui kama nilikataliwa au nilipewa kazi. Nimeamua nilipewa kazi.

6 Machi, Jumatano ya Majivu

Padri amenipaka majivu, akasema mimi ni mavumbi. Nikamjibu moyoni kwamba habari hiyo nimeipata tangu Januari.

15 Machi

Bata ameota manyoya yote, mweusi anayeng'aa kijani. Mvua ikinyesha maji yanamteleza. Anatoka mchana, anakwenda kwenye lile dimbwi la zizi, anaogelea mbele ya kuku mwekundu, naye bado anapiga kelele. Jioni anarudi mwenyewe ndani, anapanda kwenye sanduku. Halimtoshi tena, mkia unabaki nje.

Nimemwambia alale nje kama wenzake wa dunia. Hataki. Nami sijamlazimisha.

24 Machi, Jumapili

Barua yako imefika kwa mkono wa Athanasi. Unakuja Pasaka, unasema. Unauliza mama hajambo, ng'ombe hawajambo, mke hajambo. Nimekaa na hilo la mwisho.

Nilisema utasoma haya ukiwa hapa kwenye kigoda changu. Nimebadili. Zengo, mtoto wa Pelagia, anarudi machimboni kesho, namkabidhi daftari hili, ulisome huko kabla hujapanda gari. Kasirika huko huko. Nikasirikie kadiri unavyotaka, nimestahili, lakini umalize hasira njiani, usiifikishe kwa watu wa Lamadi.

Basi sikiliza. Usije hapa kwanza. Ukifika Bariadi usishuke, endelea mpaka Lamadi, hata kama ni jioni na nyumba yako unaiona kwa mbali. Usiende na maneno yangu, nilishayasema. Nenda na ya kwako, ya mwezi wa nane, ambayo hukuja kuyasema. Kaa naye kwao siku atakazotaka. Akikataa kuja, usimvute, uje peke yako uniambie, nitavumilia.

Akikubali, mchukue na gunia moja la mchanga wa ziwani, ule mweupe anaoujua yeye. Na mkifika mlangoni, simama pembeni, yeye aingie mbele yako. Bata atakuwa ndani, atapiga kelele. Mimi nitakuwa nimekaa karibu na mafiga, na sitafungua mdomo mpaka Benadetha awe wa kwanza kusema.